Ukisubiri Treni Mombasa

Sisi wa Diani na Msambweni tukienda Nairobi kwa treni, hushuka feri ya Likoni mapema, kisha tukakaa tu. Nashauri: chagua mahali pamoja pa kuona, basi. Fort Jesus si mbali na feri. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaiteka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Simama ukutani utazame mlango wa bahari, utaelewa kwa nini wote waliitaka.

Lakini jamani, stesheni ya Miritini iko nje ya kisiwa, na mizigo hukaguliwa kwanza. Toa muda wa ukaguzi, toa wa foleni ya magari. Unaobaki ndio wa matembezi. Haraka haraka haina baraka, ila treni nayo haimngoji mtu.