Simu ikifungwa, karata zitazidi?

SWALI: Mwanangu anabeti mpira kwa simu hapa Wete, Pemba. Serikali ikizuia kamari za mtandaoni, hawatahamia kwenye karata za uchochoroni?

JIBU: Baadhi watahamia, wengi hawatahamia. Mkeka wa kubeti kwa simu huvutia kwa sababu ni mwepesi na hauonekani. Meza ya karata au poka hutaka fedha taslimu, wenza wa kuaminiana na maficho. Na Pemba, ambako dini inakataza kamari na jirani humjua jirani, siri haidumu.

Linalonitia hofu zaidi ni tovuti za nje zisizo na leseni, na mtu wa mtaani anayekusanya dau. Huyo asipokulipa, huna pa kushtaki. Ukikopa, mdai ndiye yeye.

Kenya ilipokataa kuhuisha leseni za SportPesa na kampuni nyingine za kubeti Julai 2019, iliagiza pia namba zao za malipo ya simu zifungwe. Hapo ndipo penye mshipa: fedha isipopita, mchezo hudhoofu.

Nyumbani nako, mama au baba, anzia kwenye fedha. Muulize kwa upole kama anadaiwa, na nani. Deni lililofichwa ndilo humrudisha mchezoni.