Kwenda kwa mshauri nasaha si upungufu wa imani

Kijana mmoja niliyemsomesha dini sekondari, ambaye sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, alinijia baada ya swala ya Isha. Ana sapu mbili, usiku halali, chakula hakimpiti. Nikamuuliza kama amefika ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chake. Akacheka kidogo: "Ustadh, huko si wanakwenda waliorukwa na akili? Na ndugu zangu wa msikitini watasemaje?"

Sikumlaumu, kwani nami nilisema hivyo hivyo. Nikiwa mwaka wa pili nilifiwa na baba yangu. Nikawa naingia darasani mwili tu. Ndugu mmoja akanishauri nizidishe adhkari, na alikuwa na nia njema. Nilizidisha, zikanifaa, lakini usingizi haukurudi. Nilipomwendea mshauri, mitihani ilikwisha pita na nimefeli masomo matatu. Akaniambia ningewahi, angenisaidia kuomba kuahirisha mtihani. Vyuo vingi hutaka ombi hilo litangulie mtihani, si lifuate matokeo. Nikapoteza mwaka mzima kwa kuona haya.

Wanaosema ni udhaifu wa imani wakumbuke kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Yusuf, 12:84). Nani atathubutu kuipima imani yake? Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Humo alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na kwamba mgonjwa wa nafsi, pamoja na kujitibu kwa fikra zake mwenyewe, huhitaji pia mawaidha ya mtu mwingine.

Dada zetu wana swali la haki: vipi kukaa faragha na mwanamume? Aombe mshauri wa kike. Akikosekana, aombe mlango uachwe wazi au aje na mwenzake. Kuomba si utovu wa adabu.

Wengine huogopa mshauri asiye Muislamu. Wangu alikuwa Mkristo na hakuigusa dini yangu. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nazungumza na nani. Masuala ya halali na haramu niliyapeleka kwa sheikh, maana mshauri si mufti. Ama siri, yangu ilibaki kwake. Mshauri huweza kuitoa anapoona maisha ya mtu yako hatarini, na hilo mwulize mwanzoni kabisa.

Jumuiya zetu vyuoni nazo zijitazame. Mwanafunzi mpya hutangaziwa darsa na ijtimai, lakini mlango wa ofisi hiyo haonyeshwi.

Yule kijana nilimsindikiza Jumatatu. Nilimsubiri kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Alipotoka hakusema mengi, ila aliniuliza mgahawa uko upande gani.