Je, sanaa iko ndani ya rangi ao ndani ya mikono?



Juma lililopita, katika somo la kuchora, mwenzetu mumoja alileta picha ya mama yake akitwanga mihogo. Alikuwa ameichora kwa makala juu ya kipande cha mufuko wa unga, maana hakukuwa na franga ya karatasi wala rangi. Kalasi ikacheka: «Ile haiko sanaa, ile ni takataka!» Sisi tunaoandika haya tulicheka vilevile. Yeye alikunja mufuko wake, na tangu siku ile haleti kitu tena. Kwa hiyo tumetaka kuuliza vizuri: ni nini inafanya kitu kiitwe sanaa?

Tuanze na mufuko ule ule. Katika Lubumbashi, miaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora picha 101 za historia ya inchi yetu. Wachoraji wa mji ule walikuwa wakichora mara nyingi juu ya mifuko ya unga. Waliifungua, wakaivuta juu ya mbao, wakaipaka rangi ya kwanza, ndipo wakaanza. Leo picha zile za Tshibumba ziko katika nyumba ya makumbusho huko Amsterdam, Uholanzi. Hakuna mutu anayesimama pale na kuzicheka juu ya mufuko.

Wengine watasema: «Lakini burosi ni lazima.» Hapana. Katika mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua kalasi ya wachoraji katika mji huo huo, uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Zamu wake, jina lake Bela, alianza kuchora naye pia. Alipaka rangi kwa vidole vyake, na vidole vile vilimupa alama ambazo burosi haiwezi.

Tuangalie tena Wakuba wa Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, kisha wanawake wanakishona nyuzi, wanazikata fupi kwa kisu kidogo mpaka kitambaa kinakuwa laini sawa manyoya. Hawafungi fundo, nyuzi zinashikwa na mufumo wenyewe. Hawachori kwanza juu ya karatasi. Mistari iko katika kichwa chao. Kitambaa kimoja kinaweza kuomba miezi mingi. Matisse, muchoraji mukubwa wa Ufaransa, alivitundika vitambaa vya namna ile pahali pake pa kazi.

Basi, kila mufuko ni sanaa? Hapana, wapendwa. Mufuko ulioachwa kwa soko ni mufuko tu, na rangi ya bei kali ikipakwa bila kufikiri inabaki rangi tu. Mutu anapaswa kuchagua, kujaribu, kukosea, kufuta na kuanza tena. Na kitu chenyewe kinamufundisha: makala haikubali mistari myembamba, kwa hiyo mwenzetu alichora mikono ya mama minene, yenye nguvu. Sisi tuliangalia mufuko, hatukuangalia mikono ile.

Tunamuomba arudishe picha yake. Tutaitundika kwa ukuta wa kalasi.

Maswali ya kufikiri:
1. Ni kitu gani karibu na nyumba yenu kinaweza kutumika pasipo kununua?
2. Kitu kile kinakataa nini, na kinakubali nini?
3. Ni kazi gani ya mama ao ya baba hatujaiita sanaa bado, na ni kwa sababu gani?