Ifute au Zifute: Amri Moja kwa Faili Nyingi Zilizoteuliwa

Linganisha vitenzi viwili: *ifute* na *zifute*. Kinachovitenganisha ni kiambishi cha yambwa tu, -i- kwa kitu kimoja na -zi- kwa vingi katika ngeli ya I/ZI. Viambishi hivyo havijitoshelezi. Msikilizaji lazima awe anajua tayari ni faili gani inayozungumzwa. Anayefanya kazi katika terminali hukutana na jambo hilohilo, ila huko msikilizaji ni mashine: haiulizi "zipi?", na ikishatii imetii.

Nazungumzia programu za kupanga faili zinazoendeshwa ndani ya terminali, kwa kibodi peke yake. Mojawapo ya zile kongwe ni Midnight Commander, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza mwaka 1994. Mimi hutumia ranger, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, kwa sababu kompyuta yangu ni kuukuu na kwa sababu Runingu, ninakokusanya data ya Kifuliiru, chaji ya betri huhesabiwa kwa dakika.

Runingu iko katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Uvira. Kifuliiru, ambacho Guthrie alikipa namba D63, hutofautisha maneno kwa urefu wa irabu na kwa toni. Urefu huandikwa kwa kurudia herufi, kama jina la lugha lenyewe linavyoonyesha, lakini toni nyingi haionekani kabisa kwenye karatasi. Imo katika sauti, na sauti zenyewe ni za wazee ambao baadhi yao wamepita miaka themanini. Faili ikipotea siwezi kumwambia mzee asimulie tena vilevile. Kwa hiyo swali la -i- na -zi-, ambalo darasani ni zoezi, kwangu ni swali la usalama wa data.

Kazi yenyewe ni hii. Kila sauti ina chaneli mbili: ya kushoto ni maikrofoni ya mzee, ya kulia ni yangu. Ili kupima toni katika Praat nahitaji ya kushoto peke yake. Faili ni 64. Kuzifungua moja baada ya nyingine ni kazi ya mchana mzima, na betri haina mchana mzima.

Katika ranger unasogea juu na chini kwa mishale, na kila ukibonyeza kitufe cha nafasi faili iliyo chini ya kishale inawekwa alama. Kitufe cha v hugeuza uteuzi: zenye alama zinaipoteza, zisizo nayo zinaipata. Ukibonyeza u kisha v, alama zote zinaondoka. Halafu bonyeza @ (kwenye kibodi ya Kifaransa ni AltGr pamoja na 0). Chini ya skrini inatokea nafasi ya kuandika amri, na mwishoni mwake tayari pameandikwa `%s`.

Hiyo `%s` ndiyo -zi- yetu. Haina maana yake yenyewe. Ranger huibadilisha kwa majina ya faili zote zenye alama kabla ya kuipeleka amri. Ndugu yake `%f` ni -i-: ile moja tu iliyo chini ya kishale, hata kama zenye alama ni arobaini. Tofauti ya `rm %f` na `rm %s` ni herufi moja, kama ilivyo karibu moja kati ya *ifute* na *zifute*.

Kirejelewa chake kina masharti mawili. Kwanza, usipoweka alama yoyote, `%s` huchukua faili iliyo chini ya kishale, haibaki tupu. Pili, hutazama folda uliyomo tu. Alama ulizoziacha katika folda nyingine hazihesabiwi. Mwanasintaksia atatabasamu hapo, maana hata viwakilishi vina mipaka ya mahali pa kutafuta kirejelewa chake.

Sasa tufike penye uzito. Chukua sentensi *Wanafunzi watatu walibeba meza.* Je, meza ilikuwa moja, wakaibeba pamoja, au kila mmoja alibeba yake? Kiswahili kina uradidi wa kuondoa utata: *mmoja mmoja*, *moja moja*. Amri za terminali hazina uradidi. Kila amri ina tabia yake kama kila kitenzi kilivyo na yake, nayo `%s` humwaga majina yote kwa mkupuo bila kujali tabia hiyo.

`rm` hugawa: ukiipa majina kumi inafuta kumi, moja moja. `cp` hutaka jina la mwisho liwe mahali pa kupeleka. Ukiteua faili tatu ukaandika `cp %s` bila kutaja folda, inakataa, kwa kuwa faili ya tatu si folda. Ukiteua mbili haikatai: inainakili ya kwanza juu ya ya pili, na ya pili imekwenda. Sijui lugha nyingine ambamo tofauti ya wawili na watatu ina gharama kama hiyo. Andika `cp %s nakala/`, na usiuache mkwaju wa mwisho. Bila mkwaju huo, kama folda haipo na faili iliyoteuliwa ni moja, utapata faili mpya inayoitwa nakala.

`tar` na `sox` hukusanya, na hizo ndizo za kuogopa. `tar cf` huchukua jina la kwanza inalopewa kuwa jina la furushi. Ukiandika `tar cf %s`, sauti ya kwanza katika uteuzi inageuzwa furushi la nyingine zote, na yaliyokuwa ndani yake yanafutika. `sox` hula upande wa pili: huunganisha faili zote kwa mfululizo na kuandika matokeo katika ile ya mwisho, bila kuuliza. Yaani `sox %s remix 1`, ambayo kwa macho ya haraka inaonekana kusema "chukua chaneli ya kushoto ya kila moja", inasema kweli "ziunganishe zote, uifute ya mwisho, uandike hapo".

Tunachokitaka ni *moja moja*, na lazima tukiseme waziwazi. Kwanza tengeneza folda kwa `:mkdir kushoto`, kisha uandike:

`:shell -w for f in %s; do sox "$f" kushoto/"$f" remix 1; done`

Neno `for` ndilo uradidi wenyewe. Kila jina linapokezana katika `f`, amri inatendeka mara moja kwa kila jina, na matokeo yanaingia katika folda nyingine, kwa hiyo asili haiguswi. Alama `-w` huiambia ranger isubiri ubonyeze Enter kazi ikiisha, ili usome malalamiko yaliyotokea, kama yapo.

Zile alama za kunukuu zisikuchoshe. Mimi huzipa faili za orodha ya maneno majina ya Kiswahili: *ng'ombe.wav*, *samaki mkubwa.wav*. Programu inayosoma amri, yaani sheli, huona ritifaa ya *ng'ombe* kama mwanzo wa nukuu na hungoja mwisho wake usiokuja. Nafasi katika *samaki mkubwa* huiona kama mpaka wa maneno, ikapata faili mbili zisizokuwapo. ranger huyafunga majina yenyewe inapoyaweka mahali pa `%s`, lakini ndani ya mzunguko wa `for` ulinzi huo umekwisha, ndipo `"$f"` inapohitaji nukuu zake. Wengi wanashauri kuacha ritifaa katika majina ya faili. Sikubali. Hiyo ni tahajia yetu, na nukuu mbili ni gharama ndogo.

Kabla ya amri yoyote iwezayo kufuta, tanguliza `echo`: `:shell -w echo cp %s nakala/`. Amri haitekelezwi, inachapishwa tu, huku `%s` ikiwa imekwisha kufumbuliwa, nawe unasoma majina yote kama sentensi kamili. Kubadilisha majina kuna njia yake, `:bulkrename`, ambayo huyafungua majina yaliyoteuliwa katika kihariri cha matini, na ukishayarekebisha hukuonyesha orodha ya amri itakazotekeleza. Ukiifuta orodha hiyo, hakuna kinachobadilika.

Ya mwisho ninayoitumia Runingu kabla ya kuzima kompyuta ni `:shell sha256sum %s > alama.txt`. Hii ni amri mgawaji, haihitaji mzunguko: huandika alama ya utambulisho ya kila sauti katika mstari wake. Faili ya alama inasafiri kwenye flashi pamoja na sauti, na mwenzangu anayezipokea Uvira huingia katika folda hiyo na kuendesha `sha256sum -c alama.txt`, akajibiwa jina moja moja kama limefika salama au la.