Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza na Ushahidi wa Kiswahili

Kiingereza huunda kauli ya kutendwa kwa kitenzi kisaidizi "be" na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Kiswahili hutumia kiambishi -w-. Ulinganisho huu ni sahihi, lakini unaificha kauli ya kutendeka.

Chukulia mvuvi wa Murangi, Musoma, anayesema: "Nyavu zangu zilichanika." Kiambishi -ik- kinaeleza hali tu, chanzo chaweza kuwa mwamba, mamba au uchakavu. Akisema "zilichanwa", mtenda yupo hata asipotajwa, na yawezekana kuongeza "na fulani". "Zilichanika na fulani" haikubaliki. Sentensi ya Kiingereza "The nets were torn" hubeba maana zote mbili, na muktadha pekee ndio huzitenganisha.

Suala hili si la darasani tu. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, kumbukumbu za mashauri katika mahakama za wilaya na za juu yake ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa mashahidi wengi walisema Kiswahili. "Zilichanika" ikiandikwa "were torn", msomaji wa rufani angeweza kumtafuta mtenda ambaye shahidi hakumdai kabisa. Mfasiri mwangalifu angeandika "The nets tore", yaani kauli ya kutenda isiyo na yambwa: umbo ambalo mwanafunzi hulikwepa, akidhani kwamba wavu hauwezi kuwa kiima cha kitenzi cha kutenda.