Kuotesha Mviru kwa Kokwa

Mviru ni mti mdogo wa porini, na matunda yake yajulikana sana na watoto wachungao mifugo. Wazungu waliuita kwa jina la mti wa kwao, kwa sababu tunda lake huliwa likiisha kulainika, kama lile la Ulaya. Lakini miti hiyo miwili si ndugu. Ule wa Ulaya ni wa jamaa ya waridi. Mviru wetu ni wa jamaa ya kahawa. Basi mtu asiagize mbegu kutoka mbali.

Yafaa tuuoteshe nyumbani, maana vichaka vimepungua. Tangu miaka ya 1920 pori la Usukuma lilikatwa ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakaenea. Mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo ilirudisha ngitili nyingi. Hata hivyo ngitili ni kwanza malisho ya ng'ombe; mti wa matunda uliopandwa uani watoto huufikia kila siku.

Chagua matunda yaliyoiva kabisa, yenye rangi ya manjano iliyokolea au ya kahawia, kutoka miti kadhaa, wala si mmoja tu. Ndani ya kila tunda mna kokwa tatu mpaka tano, ngumu kama mti. Zioshe hata nyama yote itoke, uzianike kivulini, kisha uziloweke katika maji baridi siku moja au mbili. Wengine huzipasua kidogo ili maji yaingie. Lakini nyundo ikizidi nguvu huponda mbegu iliyomo, nami naona kuloweka kwatosha.

Tia katika kopo lililotobolewa chini udongo wa mchanga uliochanganywa na samadi ya zamani, ufukie kokwa kina cha pingili moja ya kidole. Mwagilia kidogo kidogo, udongo uwe na unyevu pasipo kuwa tope. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mahindi huota kwa siku chache, lakini kokwa hizi hukawia mwezi, miezi miwili, mitatu, na pengine zaidi, wala hazioti zote pamoja. Mtu huona kopo tupu akalimwaga, kumbe mbegu ilikuwa hai. Wako na wale wafukuao kila juma ili watazame. Hao huvunja chipukizi kwa vidole vyao wenyewe. Andika tarehe juu ya kopo, uliache kivulini, uendelee kumwagilia.

Mche ukifika shubiri moja na nusu, uhamishe mvua za Novemba au Desemba zikiisha kushika. Ukiwa bado mdogo, ungoje mvua za mwaka ufuatao. Usiupande katika udongo mweusi wa mbuga, ambao hutuama maji masika na kupasuka kiangazi; mviru hupenda luseni, na miteremko yenye mawe.

Jambo la mwisho ni ua. Mavuno yakiisha, ng'ombe na mbuzi huachiwa mashambani, na mche usiozungushiwa kitu hauoni mwezi wa Agosti. Miiba mikavu yatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukitaka ua wa kudumu, panda minyaa mbali kidogo na mche, na watoto waonywe, kwa maana utomvu wake huumiza macho vibaya.