Wikiendi ya spa Morogoro: mlima kwanza, masaji baadaye

Spa za majumba ya kifahari ya mashambani Uingereza waachie wenye viza. Wewe uliyeko Dar, panda treni ya SGR. Baada ya saa mbili hivi, umeshuka Kihonda, Morogoro, na milima ya Uluguru iko mbele yako.

Kabla hujalipia chumba, piga simu mapokezi ya hoteli. Uliza kwanza kama Jumamosi hiyo ukumbini kuna harusi au sendofu. Hoteli nyingi za mjini hapa zinategemea kumbi, na MC hana habari kwamba umekuja kupumzika. Ikiwa ipo, omba chumba cha mbali na ukumbi. Ukiweza, nenda katikati ya wiki; hapo hata bei inazungumzika.

Kisha uliza: mtu wa masaji yupo hapo hapo, au anaitwa? Usipouliza, utakaa na taulo kiunoni ukiambiwa "dada yuko njiani." Weka miadi ya saa kumi jioni. Kama unataka uhudumiwe na mwanamke, sema sasa hivi.

Kwa nini jioni? Kwa sababu asubuhi unapanda Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo juu ya mji. Ukianza na masaji, mwili unalegea na mlima unakushinda. Tafuta mwongozaji siku moja kabla, kupitia hoteli au Chilunga, waandaaji wa ziara wa hapa mjini. Beba kitambulisho, maji, sweta na noti ndogo ndogo. Machi hadi Mei iache. Masika hugeuza njia kuwa utelezi mtupu.

Ondokeni saa kumi na mbili. Njiani mtapishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni, beseni la karoti kichwani, shingo haitikisiki. Sogea upande wa mlimani, wapite wao kwanza. "Shikamoo mama" inatosha. Usimsimamishe mtu mwenye mzigo ili upige picha.

Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kiache. Kile kinataka siku nzima na kibali cha hifadhi.

Ukirudi, oga, kula chakula chepesi, lala kidogo. Kwenye chumba cha mvuke kaa dakika kumi, toka, kunywa maji. Mwenye presha au mjamzito amwambie mhudumu kabla hajalala kitandani. Mkono ukiwa mzito, sema "punguza". Kuvumilia maumivu uliyoyalipia ni ushamba tu. Bakshishi mpe mkononi mwenyewe.

Siku ya kuondoka, pitia Soko la Chifu Kingalu. Stroberi zikiwepo, zitie kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Za kwenye mfuko laini zitafika Pugu zikiwa juisi.